Kifungo cha ukosi na gari la skuli

Mhariri,

Salamu kutoka Kisauni. Naomba rai za wazazi na walimu waliolea watoto wazito wa mikono.

Mwanetu ana miaka 8, yuko Gredi ya 3. Kusoma na kuhesabu hakumpi taabu, macho yalipimwa yako sawa. Mwili ndio haufuati anachotaka kufanya. Mtaalamu alisema ni tatizo la uratibu wa viungo, ambalo huwapata takriban watoto 5 hadi 6 katika kila 100. Si uvivu, basi, na anayetaka kunishauri fimbo asipoteze wino.

Tulichokwisha kupata nakieleza ili nisirudishiwe yaleyale. Huvaa ameketi kwenye kibao kifupi, nyayo zote chini, mgongo ukutani. Akisimama mguu mmoja kuvaa kaptura, nguvu zote huishia kwenye kujizuia asianguke. Fulana hutandazwa kitandani kifudifudi, pindo la chini likimwelekea. Huingiza mikono kwanza hadi viwiko vipite, ndipo kichwa. Akitanguliza kichwa, mikono hupotea humo ndani. Kaptura tulimfundisha kuanzia mwisho: sisi tunaipandisha hadi mapajani, yeye anamalizia kiunoni, akishaweza, tunaiachia magotini, kisha vifundoni. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, kwa hivyo hakati tamaa. Zipu imetiwa pete ya ufunguo. Kamba za viatu tumeziweka kando, anatumia za lastiki.

Vifungo ndipo penye kazi. Fundi alipanua matundu kidogo, na vifungo akavishona kwa shina la uzi, visilale juu ya kitambaa, ili kidole gumba na cha shahada vipate pa kushika. Anaanzia kifungo cha chini kabisa, anachokiona, akipanda, na hivyo pande za shati hazipishani. Kinachomponza ni kuachia mapema: mkono mmoja ukisukuma kifungo, wa pili unatakiwa ukipokee upande wa pili na kukivuta. Yeye hukifikisha nusu, akaachia yote miwili, kikarudi kilikotoka. Akisema kwa sauti "sukuma, pokea, vuta", mara nyingi hufaulu.

Sasa yanayotushinda. Skuli yake inataka tai, na kifungo cha ukosi kiko chini ya kidevu, hakionekani. Kioo humchanganya zaidi, maana mkono anaouona unakwenda kinyume na anavyotarajia. Nafikiria kukishona kifungo kwa nje kiwe pambo tu, ndani niweke velkro. Je, nitakuwa nimemnyima nafasi ya kujifunza, au ninamwondolea adha isiyo na maana? Au shati la saizi moja juu lingetosha? Nauliza hivyo kwa sababu kanzu ya chuo (madrasa), pana na ukosi wake umelegea, huivaa bila mtu.

La pili ni asubuhi. Jioni, akiwa mkavu na hana haraka, shati zima analimaliza mwenyewe, kasoro hicho cha juu. Asubuhi, hasa miezi ya kaskazi, hata taulo halijaanikwa jasho limeshaanza. Fulana humganda, hujiviringa mgongoni, naye hahisi imekwama wapi, basi huvuta popote. Poda tumejaribu, haikufua dafu. Honi ya gari la skuli ikilia, bibi yake huingia akamvisha kila kitu, na sina ubavu wa kumkataza.

Mtaalamu anataka mazoezi yafanywe wakati ule ule wa kuvaa kweli, kwa sababu la jioni halihamii asubuhi lenyewe. Kumwamsha mapema zaidi sitaki, analala kidogo tayari. Kwa waliopitia haya: tumwachie jambo moja tu asubuhi na mengine amalizie bibi? Na kama ni moja, lianze lipi, fulana inayoganda au vifungo vya chini anavyovimudu?

Mzazi,
Kisauni, Mombasa