Kwa Kalinga: ukitaka trafiki amfuate dereva

Uyole, Mbeya

Kamwene Kalinga,

Huku kwema, ila baridi imeanza kuuma na asubuhi ukungu unafunika barabara mpaka Igawilo. Ujumbe wako nimeupata. Wenzako wa baiskeli hapo Ipogolo, Iringa, wamechoka kusukumwa mtaroni na malori, na kila wakienda kituoni wanaambiwa walete ushahidi. Kwa maoni yangu askari hajakosea sana. Kwa maneno "malori yanatuonea" hakuna jalada linalofunguliwa. Jalada ni la dereva fulani, kwenye gari fulani, mahali fulani, saa fulani. Gari halipandi kizimbani, anapanda mtu, na kazi yenu ni kumrahisishia askari njia ya kumfikia huyo mtu.

Anzeni na namba, maana hapo ndipo wengi hupotea. Gari likishakupita unasoma kibao cha nyuma. Kwa Hiace au Noah hakuna shida. Kwa semi tela, kibao cha nyuma ni cha tela, na tela lina usajili wake mbali na kichwa. Leo linavutwa na kichwa hiki, kesho na kingine, pengine cha tajiri mwingine kabisa. Ukipeleka namba ya tela peke yake umempa mwenye tela njia ya kusema halikuwa mikononi mwake siku ile. Aliye mbele yako, iwe mwenzako au bodaboda wa kijiweni, ndiye asome namba ya kichwa. Ikishindikana, chukua rangi ya kichwa, aina yake (Scania, Howo, yoyote), maandishi ya mlangoni au kwenye turubai, na mzigo: kontena, tangi la mafuta, shaba. Gari la Zambia au Kongo lina namba ya kwao. Iandike herufi kwa herufi, usiigeuze ikafanana na zetu. Angalia pia rangi ya kibao: cheupe ni gari la biashara, cha njano ni la mtu binafsi. Bajaji na pikipiki huanza na MC.

Simu ya dharura ya polisi, 112, ipigwe palepale, si jioni. Lori lililokusukuma Ipogolo likielekea Mbeya bado lina mizani ya Wenda mbele yake, kisha Makambako. Ni gari lisilo na pa kujificha kwa saa kadhaa, ilimradi anayesubiri huko ameshapewa namba.

Usitoe simu mfukoni ukiwa bado unakanyaga pedali. Simama nje ya lami, jirekodi sauti: namba, saa, mahali, uelekeo. Kumbukumbu ya namba huharibika upesi ajabu, hasa moyo ukiwa unadunda. Na "Ipogolo" si mahali pa kutosha. Taja upande gani wa daraja, mkabala na duka au nguzo ipi, gari likitokea wapi kwenda wapi.

Sasa umbali, jambo ambalo wanasheria hupenda kulichezea. Usiseme "alinipita kwa sentimita 30" kama hukupima. Sema magurudumu yake ya kulia yalikuwa wapi ukilinganisha na mstari wa katikati. Njia moja ya lami haifiki mita nne. Lori lina upana wa mita 2.5 hivi. Kama mwisho wa usukani wako wa kulia ulikuwa mita moja kutoka ukingo wa lami, na lori halikugusa mstari wa katikati, basi kati yenu haikubaki hata nusu mita. Hesabu hiyo askari anaweza kuirudia mwenyewe kwa tepu, na dereva hawezi kuibishia kwa ukali wa sauti. Waingereza wanawaambia madereva waache angalau mita 1.5 wanapompita mwendesha baiskeli kwa mwendo wa kawaida wa mjini. Ni kipimo kizuri cha kulinganishia, ila si cha kumwekea askari wetu mezani kama sheria.

Mwendo nao usiukisie. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na malori ya zaidi ya tani 3.5, lakini jicho halisomi spidi. Eleza alichofanya: alilipita gari jingine kwenye mstari usiokatika, hakupunguza kwenye pundamilia. Kwa basi la mikoani nendeni pia LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Mabasi hayo yana kifaa cha kufuatilia mwendo, na dereva ana kitufe chake cha utambuzi, kwa hiyo dakika sahihi ya tukio inaweza kutoa spidi na jina la aliyeshika usukani. Mkikosea saa, mmejifungia mlango huo.

Kituoni nenda dawati la trafiki, toa maelezo, yasome kabla ya kusaini, uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ni bure. Jalada likilala, muone mkuu wa trafiki wa wilaya ukiwa na namba hiyo mkononi, halafu wa mkoa. Aliyeumia achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hata kama ni mchubuko, na ile namba ya gari iangalieni kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kujua kampuni ya bima, maana fidia hudaiwa huko.

Video? Kule Wales, tangu 2016, raia huwapelekea polisi video kupitia utaratibu uitwao Operation Snap. Huku simu ya mama ntilie aliyekuwa pembeni inatosha. Muombe faili lenyewe, si lililopitia WhatsApp kama video ya kawaida, maana hupunguzwa ubora na namba inakuwa ukungu mtupu. Atume kama dokumenti. Wala msikate kipande cha mwanzo: dereva atasema uliyumba, na sekunde zile za kabla ndizo zinazomjibu.

Jambo moja nalisisitiza. Wazuieni wale "wananchi wenye hasira kali". Dereva akishapigwa, mashahidi wote wanatoweka kwa kuogopa kukamatwa, na mlalamikaji anageuka mtuhumiwa.

Na kagueni baiskeli zenu: breki mbili, taa ya mbele, kiakisi chekundu nyuma kisichofunikwa na gunia la mkaa. Hilo gunia ndilo swali la kwanza atakalouliza wakili wa dereva.

Mkipata RB ya kwanza nitumie picha ya maelezo kabla hamjarudi kituoni, niyapitie. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Ambakisye