Uzito wa begi la skii nao uandikwe

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu mabegi ya kusafirishia skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, na nashukuru kwamba mmeligusa jambo hili. Lakini mambo mawili yanayoamua kama begi linafaa hayakutajwa kabisa: uzito wa begi lenyewe likiwa tupu, na mahali mabuti yanapokaa safarini. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kunoa kingo za skii, kuziba mikwaruzo ya upande wa chini na kupaka nta, na skii nyingi zinazofika mezani kwangu zimeumia ndani ya begi, si mlimani.

Nianze na mabuti. Skii mtu anaweza kukodi huko huko anakokwenda, tena nzuri. Buti lililokwisha kuzoea mguu halikodishwi. Soksi yake nene ya ndani mara nyingi hupashwa moto ili ifuate umbo la mguu wa mwenyewe, na anayelipoteza njiani hukaa wiki nzima akiumia kifundo kwenye buti la kuazima. Kwa hiyo mabuti yaende na abiria ndani ya ndege, kwenye mkoba wa mgongoni uliotengenezwa kwa ajili yake, pamoja na miwani na glavu. Mashirika mengi huyakubali kama mzigo wa mkononi iwapo mkoba hauzidi kipimo chao, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea: mkoba wa lita 50 au zaidi ukijazwa huvimba ukakataliwa mlangoni. Chagua mdogo. Fimbo za kujisukumia kwenye theluji hazipiti ukaguzi wa abiria, zikae na skii. Na mabuti yafungwe vibanio kwa kulegeza kabla ya kupakiwa, kwa sababu plastiki inayokaa wazi muda mrefu, imebanwa na vitu vingine, hupinda.

Sasa begi la skii lenyewe. Mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 23 kwa mzigo mmoja, na unaozidi kilo 32 kwa kawaida haupokewi kama mzigo wa abiria, kwa kuwa kuna mtu atakayeuinua kwa mgongo wake. Jozi moja ya skii za kushukia mlima, pamoja na vishikio vya buti, huwa kama kilo 5 hadi 7. Begi la magurudumu lenye sponji nene laweza kufika kilo 4 au 5 kabla hujatia kitu. Mwenye jozi mbili tayari yuko karibu na kilo 18, na bado hajaweka fimbo, helmeti wala koti. Mabuti nayo yakiingia humo, kilo nyingine 3 hadi 5 zimeongezeka, na safari inaanzia kaunta kwa kufungua begi sakafuni mbele ya foleni. Makala yenu ilisifu mifuko ya pembeni. Mimi ningetaka kuambiwa begi lina kilo ngapi. Isitoshe, yapo mashirika yanayoruhusu vifaa vya skii peke yake ndani ya begi hilo, nguo haziruhusiwi, na mengine huhesabu begi la skii na la mabuti kuwa mzigo mmoja. Sharti hilo lisomwe kabla ya kununua begi.

Urefu nao una hesabu yake. Pima skii, ongeza takriban sentimita 10, kisha hakikisha fimbo zinatosha. Begi refu kupita kiasi linadhuru kuliko lililobana kidogo, kwa sababu kila linaposimamishwa wima skii huteleza na kugonga mwisho wa begi kama nyundo. Nimepokea skii ambazo mkia umeachana tabaka kwa sababu hiyo, na gundi yake hurudi kwa shida. Yale yanayokunjwa upande mmoja na kukazwa kwa mikanda ni mazuri hasa kwa familia, maana begi moja hutumika kwa skii za urefu tofauti.

Sponji nene kila mahali si lazima. Inahitajika kwenye ncha, kwenye mikia na pale vishikio vinapotokeza, kwa kuwa hapo ndipo kitambaa hutoboka. Katikati, nguo zako zinatosha kama shirika linaziruhusu. Kinachohitajika zaidi ni mikanda miwili ya kufungia skii zenyewe kabla hazijaingia. Kingo za skii ni chuma kilichonolewa. Jozi iliyolegea husuguana njia nzima, na ukingo wa moja huchonga upande wa chini wa mwenzake mfereji mrefu ambao lazima niujaze kwa plastiki iliyoyeyushwa, nikwangue, kisha nianze kupaka nta upya.

Zipu ifunguke urefu wote wa begi. Mwisho wa likizo skii hupakiwa zikiwa na theluji, theluji inayeyuka, na begi lenye mdomo upande mmoja hubaki na maji ndani. Ukizitoa baada ya siku kadhaa, kingo zina kutu ya rangi ya machungwa kuanzia ncha hadi mkia, na ukiipitishia kidole inabaki kidoleni. Zikaushwe kwa kitambaa kabla ya kufungwa, kisha begi liachwe wazi nyumbani.

Kuhusu magurudumu, ni lazima kwa anayebeba zaidi ya jozi moja. Yawe mapana, yakae juu ya kipande kigumu cha plastiki, na yawe yameshikwa kwa skrubu ili yabadilishwe. Yaliyoshikwa kwa ribiti yakivunjika, begi zima limekwisha. Mpini uwepo pande zote mbili, kwa kuwa begi hili hubebwa na watu wawili au kuvutwa kutoka kwenye gari kwa ncha. Makasha magumu hulinda vizuri sana, lakini ni mazito na hayakunjiki. Nayapendekeza kwa wanamashindano tu.

Msomaji ajue pia kwamba chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege, mzigo ulioharibika katika safari ya kimataifa lazima ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokelewa. Uliochelewa ni siku 21. Tangu mwishoni mwa 2024, kikomo cha fidia kwa abiria ni SDR 1,519; SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa hiyo begi lifunguliwe na skii zikaguliwe pale pale uwanjani, na picha zipigwe kabla ya safari na baada yake.

Ombi langu kwenu: mkichapisha tena jedwali la mabegi, ongezeni safu mbili. Moja iandike uzito wa begi tupu, nyingine iseme kama magurudumu yanabadilishika. Mnaweza kupunguza safu ya rangi.

Fundi wa skii, msomaji wenu