Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mikahawa ya Kula Garini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Akron, Ohio. Mimi na mama yako hatujambo, na tumefurahi mno kusikia kwamba kazi ya Los Angeles imethibitishwa na kwamba umeamua kwenda kwa gari ili uione nchi. Katika barua yako umeniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa simu. Umetaka kujua kwa nini mtu aliyezaliwa Dar es Salaam aone uchungu kila anaposikia kwamba mkahawa mwingine wa kale wa kula garini umefungwa, ilhali enzi ambayo mikahawa hiyo ilistawi ilikuwa enzi ambayo mtu mweusi, katika sehemu kubwa ya nchi hii, hakuruhusiwa kuketi mahali alipoketi mzungu. Umeuliza kwa adabu, nami nitakujibu bila kukwepa.

Watu wengi hudhani kwamba anayeitamani mikahawa hiyo anatamani chakula. Baga yao ilikuwa tamu, sikatai, lakini baga tamu zinapatikana kila mahali. Mimi ninachokitamani ni ruhusa ya kukaa. Uliingiza gari katika nafasi yake, ukazima injini, na tangu hapo ulikuwa umefika. Mhudumu alikujia pale ulipo, akakusalimu, akapokea maagizo, akarudi na sinia, na hakuna aliyekuhimiza uondoke ili mwingine apite. Siku hizi, kwenye dirisha la kupokelea chakula, gari halifiki popote, bali linapita tu: unaongea na kisanduku, unasogea, unalipa, unasogea tena, unakabidhiwa mfuko, na aliye nyuma yako ameshaanza kukusukuma kwa taa zake. Sisi tuliokulia barazani, tukiwaona wazee wetu wakikaa jioni nzima kwa kikombe kimoja cha kahawa, tunajua thamani ya mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kuulizwa anangoja nini, na yale maegesho yalikuwa baraza ya Wamarekani.

Nilipokuja Akron kusoma, katika miaka ya 1980, sikuwa na jamaa hata mmoja katika mji huu. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa na gari alinipeleka Swensons, biashara iliyoanzia papa hapa Akron mwaka 1934, kwenye tawi lao la mtaa wa South Hawkins unalolijua vizuri. Aliegesha, akawasha taa za mbele, na mara kijana akatoka mlangoni akikimbia, nasema akikimbia kwelikweli, juu ya theluji, akaja kusimama dirishani petu kana kwamba alikuwa ametungoja siku nzima. Tuliletewa ile baga yao iitwayo Galley Boy, yenye vipande viwili vya nyama, jibini na michuzi ya aina mbili, na zeituni ya kijani iliyochomekwa juu kwa kijiti. Vioo viliingia ukungu kwa mvuke wa chakula na pumzi zetu. Tulikaa hapo tukizungumza mpaka usiku ukawa mkubwa. Hali hiyo haikuwa ngeni kwangu hata kidogo, kwa sababu utoto wangu ulikuwa na sinema ya Drive-In ya Msasani, pale palipojengwa baadaye ubalozi wa Marekani, na nilikuwa naijua raha ya familia iliyobanana ndani ya gari moja huku chakula kilichofungwa nyumbani kikipitishwa kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma.

Mkahawa unaotajwa kuwa wa kwanza wa aina hii ulikuwa Pig Stand, ambao Jesse Kirby na mshirika wake, tabibu Reuben Jackson, waliufungua mwaka 1921 kando ya barabara itokayo Dallas kwenda Fort Worth. Walikuwa wakiuza mkate uliojazwa nyama ya nguruwe ya kuchoma, na vijana wao walikuwa wakirukia ubao wa pembeni mwa gari hata kabla halijasimama, kwa kuwa aliyewahi ndiye aliyepata bakshishi. Inasimuliwa kwamba Kirby aliamini kuwa wenye magari ni wavivu mno hata hawataki kushuka ili wale. Sikubaliani naye. Mfanyakazi wa kiwanda cha matairi anayetoka zamu na ovaroli lililojaa masizi si mvivu, wala mama mwenye watoto watatu ambao mmoja wao amelala si mvivu, wala mzee mwenye magoti mabovu. Hao ni watu ambao mikahawa ya vitambaa vyeupe haikuwahi kuwafikiria, na Kirby, hata kama aliwadharau moyoni, aliwatengenezea mahali.

Ajabu ni kwamba kilichoiangusha mikahawa hii kilizaliwa ndani ya mmojawapo. Mwaka 1940 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifungua mkahawa wa kula garini huko San Bernardino, California, wenye wasichana wa kupeleka masinia kwenye magari, nao ulipata wateja wengi. Lakini walichoshwa na wahudumu waliokuja na kuondoka, sahani zilizovunjwa, vijiko vilivyoibwa, na makundi ya vijana waliojazana maegeshoni hadi wenye familia wakasita kuingia. Walipozipitia hesabu zao waligundua kwamba sehemu kubwa ya mauzo ilitokana na baga. Basi mwaka 1948 waliufunga mkahawa kwa miezi kadhaa, wakawaondoa wahudumu wote wa nje, wakapunguza orodha ya vyakula hadi aina 9, wakaacha sahani na kutumia karatasi, kisha wakafungua upya na kuuza baga kwa senti 15. Wateja wao wa zamani waliegesha kama kawaida na kupiga honi wakingoja kuhudumiwa, lakini hakuna aliyetoka. Iliwabidi washuke na kupanga foleni dirishani.

Mengine yaliyofuata unayajua. Ray Kroc, muuzaji wa mashine za kuchanganyia milkisheki, aliwatembelea mwaka 1954, akafungua mkahawa wake Des Plaines, Illinois, mwaka uliofuata, na mwaka 1961 akawanunua kabisa kwa dola milioni 2.7. Siwalaumu ndugu wale kwa bei waliyoweka, kwa maana senti 15 zilimwezesha kibarua kuwalisha watoto wake wote kwa mara moja, na hilo ni jambo la heshima. Ninachosikitikia ni kwamba walikuwa na tatizo la vijana waliokaa mno, wakalitatua kwa kuondoa ukaaji wenyewe, kwa kila mtu. Kuanzia hapo, mteja anayekaa alihesabiwa kuwa hasara. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilizidisha pigo, kwa kuwa njia mpya za kasi ziliikwepa miji midogo na kuiacha mikahawa yake bila wasafiri; na kadiri ardhi ya mijini ilivyopanda bei, ndivyo uwanja mpana wa kuegesha magari yaliyotulia ulivyozidi kuonekana kuwa fedha iliyolala. Mwaka 1975, McDonald's walitoboa dirisha la kuhudumia magari yanayopita huko Sierra Vista, Arizona, kwa ajili ya wanajeshi wa kambi ya jirani ambao hawakuruhusiwa kushuka garini wakiwa wamevaa sare za kazi. Chakula kikarudi kuliwa garini, lakini gari sasa linatembea.

Sasa nije kwenye lile lililokusumbua zaidi, na nakuomba ulisome taratibu. Huko South Carolina kulikuwa na kampuni ya mikahawa ya kula garini iliyoitwa Piggie Park, ya mtu aitwaye Maurice Bessinger, ambayo haikuwahudumia watu weusi isipokuwa kwenye dirisha la jikoni, nao walitakiwa wachukue chakula waende nacho. Sheria ya Haki za Kiraia ilipopitishwa mwaka 1964, ikikataza ubaguzi katika mikahawa, Anne Newman na wenzake waliishtaki kampuni hiyo. Katika shauri lile jaji wa kwanza aliamua, mwaka 1966, kwamba sheria haikuihusu mikahawa ya kula garini, kwa hoja kuwa chakula chake kiliweza kuliwa nje ya eneo la mkahawa. Fikiri jambo hilo, mwanangu: lile gari ninalolisifu hapa kuwa kama sebule ya familia liligeuzwa kuwa kisingizio cha kumnyima mtu haki yake. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 1967, na mwaka 1968 Mahakama ya Juu, katika shauri hilohilo, iliamua kwamba mtu anayeshinda kesi ya namna hiyo kwa kawaida alipwe gharama za mawakili wake, kwa kuwa anaposhinda hajitetei mwenyewe peke yake bali anatekeleza matakwa ya taifa. Mpaka leo wanaodai haki zao katika nchi hii wanautegemea uamuzi ule uliotokana na maegesho ya mkahawa.

Na usidhani kwamba watu weusi hawakuwamo katika mikahawa hii mpaka siku hiyo. Walikuwamo, ila walikuwa wamebeba masinia. Kule The Varsity, Atlanta, mkahawa ulioanzishwa na Frank Gordy mwaka 1928, mhudumu mashuhuri kuliko wote alikuwa mtu mweusi aliyejulikana kwa jina la Flossie Mae, aliyevaa kofia za ajabu na kuwaimbia wateja orodha ya vyakula kwa miongo mingi. Nipsey Russell, aliyekuja kuwa mchekeshaji maarufu wa televisheni, naye alibeba masinia hapo katika ujana wake. Uchangamfu wote ambao wazee wa Kizungu wanaukumbuka kwa machozi, yule mtu anayekujia akitabasamu na kukufanya ujione umekaribishwa, kwa sehemu kubwa ya Kusini ulikuwa ni kazi ya watu ambao wao wenyewe wasingekaribishwa. Ndiyo maana sikubali kwamba kumbukumbu hii ni ya Wazungu pekee, wala sikubali kuiacha mikononi mwao wakaisimulie bila Anne Newman na bila Flossie Mae. Mimi nilipoegesha kwa mara ya kwanza mtaa wa South Hawkins na kijana yule akaja mbio kwangu sawa na alivyowakimbilia wengine, nilikuwa nakaa juu ya nafasi waliyoipigania watu wale, ingawa wakati huo sikuyajua majina yao.

Sasa kuhusu safari yako. Ukipita Oklahoma utaona matawi ya Sonic, kampuni ya mikahawa ya kula garini, kila mji, na huko ndiko kwao. Troy Smith aliianza Shawnee mwaka 1953 kwa jina la Top Hat, akaweka vipaza sauti vya kuagizia kwenye kila nafasi ya gari, na mwaka 1959 jina likabadilishwa. Kipaza sauti kilipunguza nusu ya maongezi, lakini wamebakiza mtu anayekuja na sinia, wengine wakiwa juu ya viatu vya magurudumu, na kwa hilo nawaheshimu. Ukifika San Bernardino, jengo la ndugu McDonald lilikwisha kubomolewa, na mahali pake pamekuwa na makumbusho isiyo ya kampuni. Pita kwa dakika chache tu. Afadhali muda wako uutumie Downey, ambako mkahawa wao wa mwaka 1953 bado umesimama na matao yake ya manjano yakipenya paa.

Kisha, ukishapumzika, nenda Burbank kwenye Bob's Big Boy, ile iliyojengwa mwaka 1949 kwa ramani ya msanifu Wayne McAllister. Kwa miaka mingi wamekuwa wakipeleka chakula garini jioni za mwisho wa juma, na Ijumaa wenye magari ya kale huyaleta na kuyapanga hapo watu wayatazame. Uliza kwanza siku zao kwa simu. Ukiegesha, teremsha kioo chote utoe maagizo yako, halafu ukipandishe kidogo ili kulabu za sinia zipate pa kushika; ukikiacha chini kabisa sinia litakosa mhimili na soda itamwagikia mlangoni. Mpe mhudumu bakshishi ya kutosha, taslimu na mkononi, kwa sababu kazi hii tangu enzi za Pig Stand imekuwa ya watu wanaoishi kwa bakshishi. Baada ya kula, kaa uzungumze na uliyefuatana naye, na kama uko peke yako tupigie sisi kutoka hapo hapo maegeshoni. Mama yako anataka umweleze ulichoagiza, nami nataka kujua kama kuna aliyekuharakisha.

Ni mimi baba yako akupendaye.