Misa ya kumbukumbu ya Babu, Jumamosi

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Misa ya kumkumbuka Babu ni Jumamosi saa 3 asubuhi, kisha tunakwenda kubariki kaburi. Vijana, njooni na majembe Ijumaa jioni, majani yameota sana.

Babu aliingia Uganda na jeshi letu mwaka 1979, rozari ya mbao mfukoni mwa kombati. Kampala ilipotekwa Aprili 11, alikuwamo. Ukimuuliza habari za vita alikusimulia tu jinsi buti zilivyombana. Ila wajukuu wakisinzia kwenye sala ya jioni, aliamrisha "Mguu sawa!" mpaka Bibi akacheka katikati ya Salamu Maria.

Michango ya chakula apewe mhazini, si mimi. Mara iliyopita nilichanganya hesabu. Watakaosoma masomo, nijulisheni leo.