Barua kwa Mwanangu Anayehamia Biharamulo

Mwanangu mpendwa,

Kaka yako amenifikishia shikamoo yako, marahaba. Ameniambia pia kuwa umepangiwa kituo Biharamulo, na tangu siku hiyo swali langu ni moja: chanjo ya tatu ya homa ya ini umekwisha kuipata? Ya kwanza najua, ya pili baada ya mwezi mmoja najua, lakini ile ya baada ya miezi sita hujanitajia.

Utadhani nahofia homa ya Marburg. Ni kweli, Januari 2025 ilitangazwa hukohuko uendako, na mwaka 2023, ilipozuka Bukoba Vijijini, miongoni mwa waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya. Lakini Marburg ikija, wizara nzima huamka. Sindano iliyosahaulika ndani ya shuka za wodi haitangazwi redioni, na virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba, hata damu ikiwa imekauka.

Kwa hiyo usirudishie sindano kifuniko, hata uwe umechoka namna gani. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kisha toa taarifa saa ileile, maana dawa za kukinga VVU huanzwa kabla ya saa 72 kupita na humezwa kwa siku 28. Usinyamaze kwa kumwogopa msimamizi wa wodi. Wapo walionyamaza, wakaendelea kukusanya shuka huku wakimkwepa mume kwa visingizio miezi mitatu, na marehemu baba yako hakuwahi kuelezwa sababu.

Najivunia kwamba utavaa sare ambayo mimi niliishia kuifua. Ila una haraka, na haraka hiyo umeirithi kwangu. Mgonjwa mzito usimnyanyue peke yako. Kwa ajili ya mgongo huu, maji sasa anachota mdogo wako.

Jiko limeezekwa, halivuji tena. Ile fedha ya chanjo uliyoniachia nikutunzie ndiyo iliyomlipa fundi, nami nilikusudia kuirudisha kabla hujauliza, lakini hukuuliza. Nimemuuza beberu, na fedha yako imo ndani ya bahasha hii. Hata kama miezi sita imepita, huanzi upya, unamalizia iliyobaki. Imalizie kabla ya zamu yako ya kwanza, kisha unitumie picha ya kadi nione tarehe zote tatu.

Mama yako