Posho ya wanafunzi wanaofundisha Kiingereza

Mhariri,

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi wa uzamivu wa Kiingereza husamehewa ada na kulipwa posho kwa sharti la kuwafundisha uandishi wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, yaani kusahihisha insha rundo kwa rundo na kuandika maoni pembezoni, huku tasnifu yake ikisubiri. Mwaka 2016 Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, chombo cha serikali ya Marekani kinachosimamia haki za wafanyakazi wa sekta binafsi, iliamua kwamba wanafunzi wasaidizi wa namna hiyo katika vyuo binafsi ni wafanyakazi wenye haki ya kuunda chama, uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ulichelewa mno. Sasa vyuo viandike bayana katika barua ya udahili miaka ya ufadhili, saa za kazi kwa wiki na, jambo linalosahaulika kirahisi, malipo ya miezi ya likizo.

Msomaji wenu