Shangazi, Smith si ukoo

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Naandika hapa hadharani kwa sababu siku ile ya posa sikupata nafasi ya kusema, na tangu siku hiyo watu watatu wa nyumbani wameshanipigia simu kuuliza lilelile uliloliuliza wewe. Bora nijibu mara moja.

Ile barua naikumbuka vizuri. Ulivaa miwani, ukaisoma taratibu huku kidole kikifuata mistari, ukafika chini penye jina la kijana, ukapanda tena juu penye jina la mjukuu wako. Halafu ukaiweka kando ya chupa ya chai na kuifunika kwa kitambaa, kama mtu anayekinga chakula kisiingie nzi. "Smith anamposa Smith? Hawa si wa ukoo mmoja?" Mshenga akakohoa. Kikao kikaishia hapo.

Swali lako lilikuwa halali, na mkosaji wa kwanza ni Kiswahili chetu. Kwenye kila fomu tumeandika "jina la ukoo", na hapo ndipo Mzungu anapojaza Smith. Wewe umezaliwa Usangi, kule milima ya Pare, unajua ukoo ni nini. Marehemu mumeo alikuwa Mshana, na Mshana popote atakapokutana na Mshana mwenzake watahesabu mababu mpaka wafike pamoja. Kinachochekesha ni kwamba Washana wenyewe ni wahunzi. Masimulizi ya Ugweno yanasema walitawala kule kwa sababu ya chuma, kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua, na Wachaga walikuwa wakinunua chuma cha Upare. Nasema kinachochekesha kwa sababu Smith nalo maana yake ni mhunzi. Tofauti ni kwamba Washana ni wahunzi wa damu moja, wakati Smith ni wahunzi wowote tu, kila mmoja na kijiji chake.

Jina hili lilivyoanza utalielewa ukifungua simu yako, ile niliyokununulia. Humo ndani umeandika Juma Bomba, Asha Mkaa, Fundi Saa, Mama Maziwa. Hujui Juma ni mtoto wa nani. Unachohitaji ni kumtofautisha Juma wa mabomba na yule Juma dereva. Uingereza ya miaka 700 iliyopita ilikuwa hivyohivyo. Watu walikuwa na jina moja la ubatizo, na majina yenyewe yalikuwa machache: kijiji kizima John, William, Robert, Thomas. Kwa hiyo kukawa na John wa kinuni, John wa kilimani, John mwana wa Robert, na John mhunzi. Kwa Kiingereza chao cha zamani mhunzi aliitwa smith, neno ambalo Wajerumani wanalo (Schmied), Waholanzi wanalo (smid), na Waisilandi wanalo hadi leo, ila wao hulitumia hata kwa fundi seremala. Linatoka kwenye lugha moja kongwe waliyoigawana watu hawa wote kabla hawajatawanyika.

Utaniuliza kwa nini basi wahunzi wamejaa kuliko wakulima, wakati wakulima ndio waliokuwa wengi. Jibu ni hilohilo la simu. Pale Usangi huwezi kumwandika mtu "Juma Mkulima" ukampata. Utapiga kwa wanaume wote wa mlimani. Mhunzi alikuwa mmoja, labda wawili, kwa kijiji. Kila mtu alimjua, maana plau yake, shoka lake, kiatu cha farasi wake na bawaba ya mlango wake vilipita pale penye fuawe. Uchache wake ndio uliompa jina, na wingi wa vijiji ndio uliolizidisha jina.

Muda mrefu jina hilo halikurithiwa. Mtoto wa John mhunzi akiwa mwokaji, aliitwa mwokaji. Kilichosaidia kuligandisha, pamoja na urithi wa mashamba, ni karatasi za serikali, hasa kodi ya kichwa. Ndiyo, hiyohiyo waliyokuja kututoza na sisi baadaye! Ilitozwa kule mwaka 1377, 1379 na 1381, na ile ya mwisho ikazua maasi yaliyoongozwa na Wat Tyler, ambaye jina lake maana yake ni mwezeka vigae. Makarani walizunguka vijijini wakiandika kila mtu mzima. Waliandika kwa Kilatini, na mara nyingine mhunzi akawa Faber. Kwenye daftari za 1379 unaanza kukuta watu wenye jina la kazi moja huku wakifanya kazi nyingine kabisa. Yaani baba ameshakufa, tanuri limeshazimika, mivukuto imeliwa na panya, lakini mtoto bado ni "Mhunzi" kwa sababu karani wa mwaka juzi alimwandika hivyo.

Sasa chukua jambo hilo, ulirudie katika kila kijiji cha Uingereza. Halafu uvuke bahari ulirudie Ujerumani, ambako lilitokea vilevile bila wao kuambiana: huko anaitwa Schmidt, upande wa kusini Schmid, maeneo ya Mto Rhine Schmitt, na Köln na vitongoji vyake Schmitz. Wapo hata waliotajwa kwa wanachofua: Goldschmidt wa dhahabu, Messerschmitt wa visu. Ukitoka kwa Wajerumani utamkuta mhunzi yuleyule akiitwa Kowalski Poland, Kovács Hungaria, Lefebvre Ufaransa, Ferrari Italia (wenye yale magari), na Haddad kwa Waarabu. Wewe ungewakataza wote hawa kuoana?

Tuje kwa vijana wetu. Marehemu shemeji, baba wa mjukuu wako, alikuwa Smith wa Derbyshire, katikati ya Uingereza, na kwao ni Smith tangu kumbukumbu zao zianze. Kijana ni Smith wa Milwaukee, Marekani, mji uliojaa Wajerumani. Babu wa babu yake alifika pale akiitwa Schmidt. Watu hupenda kusimulia kwamba majina kama hayo yalibadilishwa na maofisa wa bandarini pale Ellis Island, kisiwa cha kupokelea wahamiaji New York, lakini sivyo. Maofisa wale walisoma orodha zilizoandikwa melini tangu safari inaanza. Watu walijibadilisha wenyewe, wakishazoea nchi au wakishaogopa. Hawa wa kwao waliogopa. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, kuongea Kijerumani barabarani kukawa kujitafutia balaa, na Schmidt akaamka asubuhi akiwa Smith. Hakuwa peke yake. Mwaka huohuo Mfalme George V wa Uingereza alilitupa jina la Kijerumani la nyumba yake, Saxe-Coburg na Gotha, akajiita Windsor. Nawe vita hivyo unavijua kwa masimulizi ya wazee, maana mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipita hapo chini ya milima yetu yakiwafukuza Wajerumani kuifuata reli ya Tanga.

Na hao ni njia mbili tu za kuwa Smith. Mwaka 1465 Waingereza walipitisha sheria Ireland kwamba Muairishi anayeishi katika eneo lao achukue jina la Kiingereza: la mji, la rangi, la cheo au la kazi, na Smith limetajwa humo kama mfano. Kuna pia akina Mac Gabhann, "mwana wa mhunzi" kwa lugha yao, ambao wengi waligeuzwa Smith kwa kutafsiriwa tu. Halafu wapo wale ambao sipendi kuwapita haraka: Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani. Wengi waliishi wakiandikwa jina moja, kama mifugo. Uhuru ulipokuja ilibidi wawe na jina la pili. Wapo waliobaki na jina la bwana wa zamani, wapo waliojichagulia. Sensa ya Marekani ya 2010 ilihesabu Smith zaidi ya milioni 2.4, jina linaloongoza nchi nzima, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano wao ni mweusi. Yule mwigizaji unayempenda, Will Smith, si binamu wa shemeji, nakuapia.

Nisije nikaonekana natetea tu, nikupe na upande wako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walipima kromosomu ambayo baba humrithisha mwana, wakailinganisha na majina. Kwa majina adimu ulikuwa na haki kabisa: wanaume wengi walioitwa Attenborough walionekana wametoka kwa babu mmoja. Angekuja Attenborough kumposa Attenborough, mimi mwenyewe ningeifunika barua. Lakini kwa akina Smith hakuna walichokuta. Smith wawili hawakaribiani kuliko watu wawili wowote waliookotwa njiani. Ni kama umkataze Fundi Saa wa Mwanga asioe binti wa Fundi Saa wa Tabora.

Lipo jambo moja ambalo sitalificha, maana utalisikia kwingine. Siku hizi baadhi ya Waingereza wakioana huunganisha majina mawili kwa kistari. Nimemuuliza mjukuu wako kama ataitwa Smith-Smith. Alicheka mpaka simu ikamdondoka.

Nakuja Jumamosi kwa basi la alfajiri, na mshenga nimeshampigia, yuko tayari kurudi. Mahari ni yako na wazee, mimi simo. Ila tafadhali usiikunjie ile barua kabatini pamoja na vitenge. Nimesikia umeshaihamishia huko.

Mwanao wa Dar es Salaam.